Plasma ya inchi 50 iliyotumika au LCD mpya ya inchi 43 kwa sebule ya Mtwara?

MamaWaShangani (Mtwara)

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijafanya uamuzi nitakaoujutia. Televisheni yetu ya chogo, tuliyokuwa nayo tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa bado anabebwa mgongoni, ilizimika wiki mbili zilizopita, na fundi ametuambia kwamba gharama ya kuifufua haina maana tena. Nimetenga shilingi 600,000 na nina njia mbili mbele yangu.

Ya kwanza ni plasma ya inchi 50 ya mjomba wangu anayeishi Dar es Salaam. Anahama nyumba na ananiachia kwa shilingi 250,000, nami nakumbuka vizuri jinsi picha yake ilivyonivutia tulipokwenda kwake kwenye arusi. Ya pili ni LCD mpya ya inchi 43 iliyopo katika duka moja hapa mjini kwa shilingi 580,000, ikiwa na dhamana ya mwaka mmoja. Kwenye boksi imeandikwa LED, na muuzaji alisisitiza kwamba LED si LCD hata kidogo, bali ni aina ya tatu iliyozishinda zote mbili. Sikumwelewa, na sikupenda alivyokuwa na haraka.

Sebule yetu ina urefu wa mita nne na nusu na upana wa mita tatu na nusu, na madirisha mawili makubwa yanatazama upande wa bahari, hivyo asubuhi kunakuwa kweupe sana. Mume wangu na vijana wawili wanaangalia mpira, mimi naangalia tamthilia na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwenye LUKU bado tuko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, na mwezi huu bila televisheni tumetumia uniti 58, sehemu kubwa ikiliwa na friji. Kibandiko cha nyuma ya plasma ya mjomba kinaonyesha wati 430, namba iliyonishtua kidogo.

Nitafurahi nikipata sababu za kweli, kwa maana sisi wa huku mnatujua: mjomba hakataliwi kwa neno la “nimebadili mawazo”.

---

FundiWaLigula (Mtwara)

Dada, nianze na hilo boksi, kwa sababu linawachanganya wateja wengi wanaofika kwenye meza yangu. Hakuna aina ya tatu hapo. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Ni kama pazia la fuwele kimiminika linalofunguka na kujifunga kwa umeme, nukta kwa nukta, ili kupitisha au kuzuia mwanga unaotoka nyuma yake. Zamani mwanga huo ulitoka kwenye mirija myembamba, jamaa wa taa za tyubu tunazofunga majumbani, na siku hizi unatoka kwenye vitaa vya LED vilivyopangwa kwenye mikanda. LED ya kwenye boksi, kwa hiyo, ni jina la taa, na kioo ni kilekile cha LCD. OLED ndiyo tofauti kweli, kwa kuwa kila nukta inawaka yenyewe, lakini hiyo haipatikani kwa 600,000.

Plasma nayo ina njia yake. Kioo chake kimegawanywa katika vijumba vidogo mno vyenye gesi, hasa neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi inatoa mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni, na mwanga huo ukiupiga unga uliopakwa ndani ya kijumba, unga unawaka nyekundu, kijani au bluu. Nukta inayotakiwa kuwa nyeusi inazimwa karibu kabisa, ilhali kwenye LCD ya kawaida taa za nyuma zinaendelea kuwaka na pazia haliwezi kuziba mwanga wote. Ndiyo maana kumbukumbu yako ya kule arusini haikudanganyi. Usiku, taa za sebuleni zikiwa zimezimwa, plasma nzuri ya mwaka 2010 bado inaiaibisha LCD nyingi za bei ya chini za leo, kwa weusi wa picha na kwa mpira unaokimbia kutoka goli hadi goli bila kuacha mkia.

Tatizo lake ni umri. Plasma ilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ikaja kutamba majumbani miaka mingi baadaye, na kisha ikaachwa ghafla: Panasonic waliacha kuitengeneza mwishoni mwa mwaka 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Plasma ya mjomba wako ni mzee kwa hesabu za vifaa vya umeme, hata kama haijawahi kufunguliwa, na spea yake haipo dukani. Ninaitoa kwenye plasma nyingine iliyokufa, nikiipata. Mara nyingi ninachokuta ndani ni kapasita za bodi ya powa zimetuna vichwa kama maandazi, na hizo nabadilisha saa ileile. Ikifa bodi tunayoiita ya Y, inayosukuma umeme mkali kwenye kioo, hapo naanza kupiga simu Dar es Salaam, na mteja anaanza kupiga simu kwangu.

LCD nayo haina kinga ya milele. Ugonjwa wake mkubwa ni vitaa vya nyuma, ambavyo kwa kawaida vimeungwa kwa mfululizo, hivyo kikikatika kimoja vingine vyote kwenye mstari huo vinazimika navyo. Mteja ananiletea runinga yenye sauti lakini kioo cheusi, akiamini kioo kimekufa. Mimi namulika tochi ya simu kwa ubavu karibu na kioo, na ndani ya giza tunaona watu wanatembea kama vivuli. Hapo namwambia aende akanywe chai, kwa sababu mikanda ya vitaa inapatikana na kazi inaisha siku hiyohiyo. Ukitaka vitaa vidumu, usikubali mwanga wa nyuma ubaki kwenye kiwango cha mwisho kama ulivyowekwa dukani.

Kuhusu wati, kile kibandiko kinataja kiwango cha juu kabisa. Mwaka jana nilipima kwa njia ya kienyeji: nilizima kila kitu nyumbani, nikasoma mita, nikawasha plasma ya mteja ya inchi 42 kwa saa nne, nikasoma tena. Ilikula uniti 0.9. Siku ya pili nikarudia kwa LCD yangu ya inchi 43 yenye vitaa vya LED, ikala uniti 0.26. Kwa saa tano kila siku, hiyo ya kwanza inafikia karibu uniti 34 kwa mwezi na ya pili haifiki 10. Ya mjomba wako ni inchi 50, kwa hiyo usitegemee ikae chini ya 37.

Nikiwa fundi ninayetafuta riziki, ningekushauri uchukue plasma ili tuonane mara kwa mara. Nikiwa jirani, nasema chukua LCD.

---

MpendaMpira (Masasi)

Naongeza moja tu. Niliwahi kuendesha kibanda umiza kwa plasma, na kwa mpira sijaona kioo kilichoifikia. Lakini nembo ya chaneli ilikuwa pembeni juu na ubao wa matokeo upande wa pili, kila siku, saa nyingi, na baada ya miezi kadhaa vilibaki pale vyenyewe. Watu wanaangalia filamu ya mapigano, na kwenye mawingu unasoma nembo. Nyumbani hali haiwi mbaya hivyo, ila kabla hujalipa mwombe mjomba aweke picha nyeupe tupu kwenye kioo chote, kisha achunguze zile pembe mbili.

---

MwalimuMstaafu (Lindi)

Mwanangu wa Shangani, naona plasma inahukumiwa bila wakili, basi acha nisimame upande wake, kwa kuwa nimeishi nayo. Yangu ni Panasonic ya inchi 42, niliyoinunua ikiwa mpya mwaka 2011, na mpaka jana usiku ilikuwa inafanya kazi hapa Rahaleo. Imefunguliwa mara moja tu, na zilikuwa ni hizo kapasita zenye vichwa vya maandazi alizozitaja fundi.

Jambo ambalo wenzangu hawajaligusa ni mahali wanapokaa watazamaji. Nyumbani kwangu jioni watu si watatu walioketi kwenye makochi mbele ya kioo. Wajukuu wako kwenye mkeka karibu kabisa na ukuta, mama yao yuko mlangoni anachambua mchicha, na kila ikichezwa Simba na Yanga wanakuja majirani ambao wengine husimama dirishani. Plasma inawapa wote picha ileile, kwa sababu kila nukta inatoa mwanga wake na kuutawanya kila upande. LCD aliyoinunua mwanangu mwaka juzi ni nzuri ukiwa mbele yake, lakini ukisogea pembeni jezi ya njano inapauka na weusi unageuka kijivu. Najua ziko LCD zenye kioo cha aina ya IPS ambazo zinavumilia pembeni vizuri zaidi, na ziko za VA ambazo ni bora kwa weusi lakini zinataka mtu akae katikati. Je, muuzaji wako mwenye haraka alikuambia yake ni ipi?

Kuhusu alama kubaki kwenye kioo, kibanda umiza na sebule si kitu kimoja. Mimi hupunguza kontrasti, sikuiacha kamwe picha iliyosimama wakati wa chakula, na hata leo kioo changu ni safi. Kuhusu umeme vilevile, plasma hula kulingana na weupe wa picha, hivyo mechi ya mchana kwenye uwanja wenye jua inakula kuliko tamthilia ya usiku. Fundi angepaswa kutuambia alipima akiangalia nini.

Sitaficha mabaya yake. Inatoa joto, na mwezi Februari hapa Lindi joto la ziada si zawadi. Ni nzito, watu wawili lazima. Na uso wake ni kioo kitupu kinachoakisi kila kitu, jambo ambalo kwangu halinisumbui kwa kuwa sebule yangu ina dirisha moja dogo lililokingwa na mwembe. Kwako wewe mwenye madirisha mawili ya baharini, hapo ndipo ningetazama kwanza kabla ya wati na kabla ya spea.

---

FundiWaLigula (Mtwara)

Shikamoo mwalimu. Nilipima wakati wa mechi ya saa kumi jioni, kwa hiyo umenishika. Kwa tamthilia ingekula pungufu kidogo. Hata hivyo LCD bado ingekuwa mbali chini yake, na nyumba yenye vijana wawili wapenda mpira haitakosa mechi za jioni.

---

MamaWaShangani (Mtwara)

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Jana na leo nimefanya majaribio yangu mwenyewe, na naona niwaeleze.

Kwanza nilipima ukubwa. Mtoto wangu alitafuta vipimo: inchi 50 ni upana wa takriban sentimita 111, na inchi 43 ni takriban 95. Nilikunja khanga mbili kwa vipimo hivyo na kuzibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, moja juu ya nyingine. Tukiwa kwenye kochi, mita mbili na nusu kutoka ukutani, ile ndogo ilitosha bila mjadala; mume wangu peke yake ndiye aliyeitetea ile kubwa, na nadhani alikuwa anaufikiria mpira zaidi ya macho yetu.

Pili, nilifuata neno la mwalimu kuhusu kuakisi. Nilitoa picha yetu ya arusi, ambayo iko kwenye fremu kubwa yenye kioo, nikaitundika palepale televisheni itakapokaa. Saa tatu asubuhi sikuwaona maharusi. Niliona dirisha zima, nondo zake zote, na mnazi wa jirani unaotikisika. Nilifunga mapazia, mnazi ukapungua lakini haukuondoka, na tukabaki tunatoka jasho kwa sababu upepo wenyewe tunaupata kupitia madirisha hayohayo. Jioni, kuanzia saa kumi na mbili, fremu ilikuwa haina shida yoyote.

Tatu ni hesabu ya umeme, na hii ndiyo iliyoniweka macho. Kwenye kundi letu uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja na zinazozidi ni shilingi 350, kabla ya kodi. Nikiongeza uniti 37.5 za plasma juu ya 58 zetu nafika 95.5, maana yake ninalipa takriban shilingi 8,900 kwa mwezi kwa ajili ya televisheni tu. Nikiongeza uniti 10 za LCD nabaki ndani ya 75, nalipa shilingi 1,000. Tofauti ni kama shilingi 7,900 kwa mwezi. Tofauti ya bei ya kununulia ni shilingi 330,000, kwa hiyo itachukua karibu miaka mitatu na nusu ili LCD ijilipe kwa umeme pekee. Nakiri nilitegemea hesabu inipe jibu la haraka zaidi. Kinachobaki ni kujiuliza kama plasma ya umri ule itavuka miaka mitatu na nusu bila kudai bodi, na kwa hewa hii ya chumvi ambayo imekula hata bawaba za kabati langu la jikoni, sioni kama naweza kuweka dau upande huo.

Naelekea LCD. Naomba tu mniambie nichunguze nini dukani, maana yule muuzaji atakuwa na haraka tena.

---

FundiWaLigula (Mtwara)

Mwache awe na haraka, wewe usiwe nayo. Mwambie aiwashe ileile utakayoibeba, asikuonyeshe ya maonyesho na kukupa nyingine iliyofungwa. Aweke picha nyeupe, utafute nukta nyeusi isiyowaka. Kisha picha nyeusi na taa za dukani zizimwe kama inawezekana, utazame kingo, maana mwanga unaovuja pembeni utakusumbua kila usiku. Halafu fanya jaribio la mwalimu: weka mechi au picha yenye watu, sogea hatua tatu kulia, kisha chuchumaa chini kama mtoto aliye kwenye mkeka. Rangi zikipauka sana, uliza nyingine, hata ya bei hiyohiyo. Hakikisha ina HDMI zaidi ya moja, kwa sababu king'amuzi kitachukua ya kwanza na vijana watataka ya pili.

Ukifika nayo nyumbani usiichomeke moja kwa moja ukutani. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, bodi za powa ndizo zinazopokea kofi la kwanza, kwa hiyo nunua kinga ya umeme inayochelewesha kuwasha, kama ile ya friji. Na usiisukume hadi igusane na ukuta. Acha nafasi ya ngumi moja nyuma, ipate hewa, mijusi nao wakose kona ya joto ya kutagia mayai. Sisemi kwa utani, wiki iliyopita nimetoa mayai matano kwenye runinga moja ya Chuno.

---

MwalimuMstaafu (Lindi)

Mwanangu, kwa madirisha yale na mnazi ule hata mimi wakili nakubali kushindwa. Sasa nina ombi. Mke wangu amekuwa akilalamika kwamba inchi 42 zimekuwa ndogo kwa macho yetu ya uzeeni, sebule yangu ina giza la kutosha, na fundi wa plasma ninaye. Kama mjomba wako hajapata mteja, iulizie hali ya pembe mbili alizozisema ndugu wa Masasi, na kama ni safi, ninaitaka mimi.

---

MamaWaShangani (Mtwara)

Mwalimu, nimempigia simu muda huu huu. Ameweka picha nyeupe na anasema pembe zote ni safi, na amenitumia picha ya kioo ambayo nimeitazama kwa kuikuza. Nilipomweleza sababu zangu, ile ya mnazi ndani ya fremu ilimchekesha, na hakununa. Tatizo ni kwamba bei ya mpwa na bei ya mwalimu asiyemjua si moja. Kwako anataka shilingi 300,000.

---

MwalimuMstaafu (Lindi)

Mwambie nina shilingi 270,000 na kilo tano za korosho zilizobanguliwa, nzima, zisizo na vipande.

---

FundiWaLigula (Mtwara)

Akikubali, isisafirishwe kwa kulazwa. Plasma inasafiri ikiwa imesimama wima, imefungwa kwenye godoro pande zote mbili, na mtu wa kuishika awe jirani nayo, hasa mkifika Somanga ambako mvua zimekata barabara zaidi ya mara moja. Ikilazwa na kupigwa na matuta, kioo hupata ufa wa unywele ambao hutauona mpaka uiwashe.

---

MamaWaShangani (Mtwara)

Amekubali, ila anauliza kama korosho zimekaangwa.